Sharifa wa Santrali na Kaseti ya Kwa Kyakimwa

Katika miaka ile ya Chama kimoja, mtu wa Kindu akitaka kuongea na Kisangani au Bukavu kwa simu, maneno yake yalipita kwanza mikononi mwa Sharifa binti Amuri. Alikaa posta ya mtaa wa Kasuku mbele ya ubao wa santrali, akichomoa waya hapa na kuuchomeka pale, vyombo vya kusikilizia vimembana masikio tangu saa moja asubuhi hadi saa saba. Miaka minane ya kazi hiyo ilimfanya azijue sauti za watu wa mji kuliko nyuso zao. Na sharti la kazi lilikuwa moja: ulichokisikia, hukukisikia. Sharifa alilishika. Hata mama yake mzazi hakuwahi kumtoa neno.

Jumapili masikio hayo aliyapeleka kwingine. Sharifa alipenda fanki. Wafanyakazi wa reli waliotoka Lubumbashi ndio walioleta santuri za kwanza za muziki ule, na wazee wengi waliuita makelele ya Waamerika. Yeye, siku alipousikia mara ya kwanza dirishani kwa jirani, alisimama njiani na ndoo ya maji kichwani mpaka wimbo ukaisha. Baadaye okestra za Zaire zilipoanza kuupiga kwa namna yao, besi ikirukaruka na gitaa likikwaruza kama mtu anayekuna nazi, alinunua redio ya kaseti kwa fundi mmoja wa treni, ile yenye kinasa sauti ndani yake. Tangu hapo hakukosa matine hata moja, yale madansi ya Jumapili mchana. Aliifunga mashine ndani ya kitenge, akaketi meza ya mbele, akanasa kila kitu, kisha akaandika tarehe juu ya kaseti kwa mwandiko wa posta. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, ameachika, amerudi kwa mama yake, hana mtoto. Kaka yake Zuberi alimwambia kwamba mwanamke wa Kiislamu hapaswi kuonekana baa kila Jumapili. Mama yao, Hadidja, alijibu kwamba binti yake anarudi kabla ya Isha na hanywi, basi aachwe.

Mwaka wa sabini na tano chumvi iliadimika. Maduka yalikuwa yametolewa mikononi mwa wageni na kupewa wananchi waliokuwa karibu na wakubwa, na haikuchukua miezi mingi rafu zikabaki na vumbi. Watu walikula sombe, majani ya muhogo, isiyo na chumvi, wakatafuna kimya. Kusema kwa sauti kwamba kitu kimekosekana kulikuwa sawa na kumtaja aliyekikosesha.

Jumapili moja ya mwaka huo okestra iliyoitwa Elila Fanki ilitoka Kalima, kule kwenye migodi, ikaja kupiga kwa Kyakimwa. Kyakimwa alikuwa mjane kutoka Butembo, mama mwenye mabega mapana, na baa yake kando ya Lualaba ilijulikana kwa jina lake tu: watu walisema wanakwenda “Kwa Kyakimwa” na hakuna aliyeuliza ni wapi. Mwimbaji wa okestra alikuwa Onema, kijana mwembamba aliyekuwa fundi wa kulehemu mgodini siku za kazi. Mdogo wake Michel alipiga besi. Anaclet, mtu mzima kidogo, alipiga ngoma. Majina hayo ya Kikristo yalikuwa yamekwishafutwa kwenye vitambulisho vyao kwa amri ya serikali, lakini wenyewe walikuwa bado wanaitana hivyo.

Walipiga tangu saa nane. Kwenye saa kumi na moja hivi walifika pale ambapo fanki inakuwa fanki hasa: magitaa yakanyamaza, ikabaki ngoma ya Anaclet na besi ya Michel peke yake, watu wakipiga makofi. Onema akasogea mbele, jasho likimtiririka, akauliza kana kwamba anauliza kitu cha kawaida:

“Chumvi iko wapi?”

Mtu mmoja nyuma akajibu, nusu akicheka: “Iko kwa mukubwa!”

Onema akauliza tena. Safari hii walijibu watu kumi. Mara ya tatu ilijibu baa nzima. Mara ya nne hata waliokuwa wamesimama nje ukingoni mwa mto walijibu, na bati la paa likatetemeka. Kisha Onema akapaza sauti, “Rudi!” na magitaa yakarudi yote kwa pamoja, watu wakacheza kama ambao hawajasema kitu. Sharifa aliutazama mshale mdogo wa mashine yake ukigonga upande mwekundu, akafurahi kwamba amekinasa kipande kile.

Okestra haijamaliza kukunja nyaya, wanaume wawili wenye abakosti, suti za watu wa Chama, waliingia, wakamshika Onema kwenye viwiko, taratibu, kama wanaomsindikiza mgonjwa.

Kesho yake, Jumatatu, saa nne asubuhi, afisa mmoja wa usalama alisimama nyuma ya kiti cha Sharifa pale santrali. Alikuwa mgeni, mtu wa mkoa wa Equateur, na Kiswahili chake kilichanganyika na Lingala. Alingoja kwa adabu mpaka Sharifa alipomaliza kuunganisha simu ya Kasongo, kisha akamwita raia kwa Kifaransa, kama serikali ilivyoagiza.

“Citoyenne, wanasema njo wewe uko na mashine ya kunasa miziki.”

“Ndiyo, citoyen. Njo mimi,” alikiri Sharifa.

“Na jana ulinasa.”

Sharifa alijua kwamba mashine yake ilikuwa juu ya meza, mbele ya watu mia mbili. Akaitikia.

Afisa akaeleza bila kuinua sauti. Mtu mmoja ameandika ripoti kwamba mwimbaji alimtukana mukubwa wa nchi. Mwimbaji anakana. Wengine waliohojiwa wanasema hawakusikia vizuri. Kwa hiyo kaseti ndiyo itakayosema. Kama haina kitu, kijana atarudi kwao Kalima. Kama ina kitu, atapelekwa mbali, na si peke yake. “Kesho saa mbili utaleta mashine na kaseti,” alisema. “Usifute kitu. Muntu anayesikiliza simu za mukoa mzima, hatupendi kumutilia mashaka.”

Simu zilizofuata Sharifa aliziunganisha vibaya, mpaka mtu wa Kailo akajikuta anaongea na hospitali.

Saa saba alikwenda nyumbani moja kwa moja, akafunga mlango, akaweka mashine kitandani na kuirudisha kaseti mpaka pale. Ilikuwa kaseti nzuri kuliko zote alizowahi kunasa. Ngoma ilisikika kama iko chumbani. Akalisikia swali la Onema, akalisikia jibu la kwanza, la pili. Mara ya tatu sauti ya mwanamke ilipanda juu ya nyingine zote, kali, ya furaha, karibu kabisa na kinasa: “Iko kwa mukubwa!”

Mama yake alikuwa sakafuni anachambua mchele. Alisema bila kuinua kichwa, “Hiyo sauti ni yako.”

Sharifa hakukumbuka kabisa kwamba alijibu. Aliirudisha tena na tena. Ni yeye. Na nyuma yake, kwa masikio yale ya santrali, akaanza kuwatambua wengine mmoja mmoja: bwana posta, mkubwa wake wa kazi, mwalimu wa shule ya reli, muuguzi wa zamu, na kule mlangoni, akiwa amekuja kumtafuta dada yake ili amkemee, Zuberi. Kila mmoja alikuwa ametia saini kwa sauti yake.

Hadidja akashauri kaseti itupwe mtoni. Sharifa akamjibu kwamba akienda mikono mitupu, litabaki neno la yule aliyeandika ripoti, na yeye mwenyewe ataulizwa alificha nini. Akaifunga mashine ndani ya kitenge na kushuka mtoni.

Okestra ilifikia Alunguli, ng'ambo, kwenye nyumba ya mwanamke mmoja aitwaye Halima. Katika mtumbwi Sharifa aliikumbatia mashine tumboni, na kila aliyemtazama alimwona kama anayemtazama makusudi. Aliwakuta Michel na Anaclet wameketi uani na vyombo vyao, hawajala. Aliwasikilizisha kaseti kwa sauti ya chini. Michel aliposikia swali la kaka yake aliuma vidole.

Anaclet ndiye aliyesema. Alieleza kwamba pale penye maneno hakuna gitaa wala wimbo, kuna ngoma, besi, makofi na sauti tu. Wakipiga upya kipande kile kile, mahali pale pale, juu ya kaseti hiyo hiyo, na kuweka maneno mengine, la zamani litafutika.

“Na sauti ya Onema?” aliuliza Sharifa.

“Yaya, umesahau kazi yako?” Michel alimjibu, akimwita dada mkubwa kwa desturi ya kwao. “Mama yetu mwenyewe anatuchanganya.”

Ilikuwa kweli. Sharifa alikuwa ameshaliona hilo kwenye simu mara nyingi: ndugu wa tumbo moja, ukiwasikia kwa mbali, ni mtu mmoja.

Walivuka wote watatu na vyombo vyao. Kyakimwa alipoelezwa aliuliza kama kuna aliyewaona wakiingia, kisha akasema baa yake haiwezi kufungwa kwa sababu ya chumvi ambayo hata yeye hana. Alituma wahudumu wake waite watu anaowaamini, wapagazi wa bandarini na wanawake wauza samaki, akawaambia kwamba okestra inafanya mazoezi. Walikuja kama arobaini. Hawakuambiwa sababu, ila wengi wao walikuwepo jana, na hakuna aliyeuliza.

Maneno aliyachagua Sharifa. Miaka minane alikuwa akisikia jinsi neno linavyoharibika katika waya, jinsi moja linavyofanana na lingine likipita mbali. Michel angeuliza, “Ngoma iko wapi?” na watu wangejibu, “Iko kwa Kyakimwa!” Kwa mukubwa, kwa Kyakimwa: aliyesikia la kwanza angeweza kuapa kwamba ni la pili.

Ugumu ulikuwa kwenye vidole. Kipande kile kilikuwa mizunguko kumi na sita ya ngoma, sekunde thelathini na nane. Kaseti ilikuwa imesimamishwa pale pale magitaa yalipokoma. Anaclet akianza, Sharifa angebonyeza vitufe viwili kwa pamoja, chini ya pigo la kwanza la ngoma ili mlio wa kitufe usisikike. Wakipiga haraka mno, mwishoni lingebaki jibu moja la jana. Wakichelewa, wangeila ile “Rudi!” ya Onema na wimbo ungekatika mbele ya afisa. Na hapakuwa na mara ya pili, maana kinachofutwa hakirudi. Anaclet aliisikiliza kaseti mara sita, akipiga paja lake kwa kiganja, macho yamefumbwa. Saa tisa na nusu akasema yuko tayari.

Watu wakanyamaza. Sharifa alipiga magoti mbele ya mashine, kidole gumba na cha shahada juu ya vitufe. Anaclet akahesabu kwa kichwa. Pigo likatua, vitufe vikazama.

Michel aliuliza, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Onema mtupu. Watu wakajibu, kwanza mmoja, halafu kumi, halafu wote, kama jana. Yeye alikuwa anahesabu mizunguko kama anavyohesabu dakika tatu za simu ya mbali. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Ilipofika kumi na tano mpagazi mmoja alicheka vibaya, na Sharifa karibu ainue kichwa. Kumi na sita. Akazima.

Walisikiliza wakiwa wameinamia mashine, watu nyuma yao wakiwa bado wanapiga makofi wasijue kwamba imekwisha. Ngoma iliungana na ngoma. “Rudi!” ilikuwa imeumwa kidogo mwanzoni, imebaki kama “-udi”, basi. Michel alikaa chini sakafuni. Sharifa hakusikia furaha yoyote. Alijua kitu alichokifuta.

Jumanne saa mbili alikuwa mbele ya meza ya afisa. Chumba kilikuwa kitupu, meza, viti vitatu na picha ukutani. Kwenye kiti cha pili alikaa Bulaimu, karani wa duka moja lililochukuliwa kwa wageni, jirani yao wa nyumba ya nne, mtu anayeswali msikiti mmoja na Zuberi. Ndipo Sharifa alipojua nani aliandika ripoti. Bulaimu hakumtazama.

Afisa alibonyeza mwenyewe. Muziki ulijaza chumba. Magitaa yakakoma, Michel akauliza kwa sauti ya Onema, watu wakajibu. Afisa akarudisha, akasikiliza tena, kisha akamgeukia karani.

“Wewe uliandika ‘kwa mukubwa’.”

Bulaimu akasema kulikuwa na kelele nyingi, lakini ndivyo alivyosikia.

Afisa akarudisha mara ya tatu, akainamisha sikio. Hapo Sharifa naye akakisikia, kwa mara ya kwanza, kile ambacho jana kelele za baa zilikifunika. Mwishoni kabisa mwa kipande, chini ya makofi, kwa mbali sana, mwadhini alikuwa anaanza. Allahu akbar, Allahu akbar, na kisha “-udi!”, na adhana ikakatika kama imekabwa.

“Hiyo ni nini?” afisa aliuliza.

“Adhana, citoyen.”

“Ya saa ngapi?”

Sharifa aliitambua. Ile ilikuwa adhana ya Alasiri, ya Jumatatu, walipokuwa wananasa upya. Jumapili saa kumi na moja hakuna msikiti unaoadhini.

“Ya Magharibi,” alisema. “Jua lilikuwa linatua.”

Afisa akachukua karatasi, akasoma polepole. “Hapa imeandikwa saa kumi na moja.” Akamtazama Bulaimu. “Wewe ni mwislamu. Hiyo ni ya saa ngapi?”

Bulaimu aliinua macho, na kwa mara ya kwanza yakakutana na ya Sharifa. Alikuwa amekunywa Jumapili ile, Sharifa alimwona. Alijua, kama kila mtoto wa madrasa anavyojua, kwamba adhana haisemi saa, maneno ni yale yale. Lakini alijua pia saa aliyokuwepo pale na saa aliyoondoka. Kope zake zilikuwa nyekundu, kama mtu ambaye naye hakulala. Muziki uliendelea mpaka mashine ikajizima yenyewe mwisho wa kaseti, tak, na wote watatu wakashtuka.

“Sikuwa na saa mkononi, citoyen,” alisema Bulaimu. “Ilikuwa Magharibi.”

“Na neno?”

“Labda ilikuwa Kyakimwa.”

Sharifa hakupata kujua kwa nini alisema hivyo. Alikuja kuwaza kwamba pengine Bulaimu alijibu pamoja na wengine siku ile, akaogopa, akakimbilia kuandika kabla hajaandikwa. Hakumwuliza, na mtu yule hakujieleza. Walipokutana njiani tangu siku ile, walisalimiana kwa ufupi na kila mmoja akashika njia yake.

Afisa hakuwa mjinga. Aliitoa kaseti, akaigeuza mkononi, akaiweka ndani ya droo na kuifunga kwa ufunguo. Mashine pia alisema itabaki. Akamwambia Sharifa kwamba kijana ataachiliwa kesho, na kwamba okestra ile isionekane tena Kindu. “Na wewe, citoyenne, masikio yako yapumzike.” Wiki iliyofuata alihamishwa kutoka santrali, akawekwa dirishani kuuza stempu.

Alikuwa amesema uongo juu ya adhana. Jioni hiyo aliswali Magharibi yenyewe akiwa nyuma ya mama yake, na alipofika kwenye sijida alikaa chini muda mrefu hata Hadidja akadhani amesinzia.

Onema aliachiliwa Jumatano. Sharifa alivuka Alunguli kumuaga. Lori la kwenda Kalima lilikuwa linapakia. Kijana alikuwa anatembea kwa shida, na mkono wa kulia aliushika kwa wa kushoto. Michel alikuwa ameshamweleza yote. Alimshukuru Sharifa kwa heshima, akimwita yaya, kisha akamvuta kando ya gurudumu.

“Pale waliponijibu,” aliuliza, “hata kidogo hakikubaki?”

“Hakikubaki. Nilikifuta kwa mikono yangu.”

Onema aliitikia kwa kichwa. “Miaka mitano naimba,” alisema. “Watu wanacheza tu. Siku ile njo siku moja walinijibu.” Akaugeukia mto. “Ulifanya vizuri, yaya.” Lakini hakumtazama aliposema, na Anaclet akamsaidia kupanda lori.

Sharifa alikaa miaka miwili bila mashine. Alipopata nyingine, ndogo zaidi, kwa mfanyabiashara mmoja aliyetoka Goma, okestra zilikuwa zimeanza tena kuja, na Kyakimwa alikuwa hai na baa yake. Aliketi meza ile ile, mashine ikinasa. Wahudumu waliozoea kumwona waligundua jambo moja: muziki ukifika mahali ambapo magitaa yananyamaza na mwimbaji anasogea mbele kuuliza watu kitu, Sharifa alichukua pembe ya kitenge chake, akaiuma kwa meno, na kuishika hivyo, huku mguu wake ukipiga sakafu, mpaka magitaa yaliporudi.